Mrejesho: bomba la kushushia maji yanayozidi katika tangi la samaki

Niliuliza kama bomba moja lingetosha kushusha maji kutoka tangi la samaki hadi tangi la chini la kuchujia. Nawashukuru mlionishauri, nimefunga mawili, na ninaamini ndiyo njia salama zaidi.

Bomba kuu, ambalo mdomo wake umezama majini, nimelifungia geti valvu (koki ya kupunguza au kufunga maji taratibu) kwa chini, nikawa naikaza kidogo kidogo mpaka likaacha kuvuta hewa na ile sauti ya kukoroma ikakoma kabisa. La pili, lenye mdomo ulio juu zaidi, halina valvu yoyote, kwa sababu kazi yake ni kupokea maji pindi konokono au jani likiziba lile kuu. Nililijaribu kwa kufunga valvu yote: maji yalipanda, yakaingia humo kwa kishindo, wala hayakufika ukingoni. Kishindo hicho ni cha manufaa, kwani ndicho kinachotoa taarifa.

Nilizima pia pampu inayorudisha maji tangi la juu, nikahakikisha kwamba tangi la chini linamudu maji yote yanayoteremka. Mwenye tangi la kioo kilichoimarishwa kwa joto asithubutu kulitoboa ili apitishe mabomba, maana litapasuka vipande vipande. Atumie kisanduku cha kuning'iniza ukingoni, kinachoshusha maji bila kutoboa kioo.