Acheni kutuletea maneno ya Shetani mkisema ni hekima ya Milton!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekasirika, mnivumilie.

Juzi nimelipa kiingilio changu kwenda kumsikiliza mhamasishaji mmoja, jina kapuni. Jamaa kapanda jukwaani na suti yake, nyuma yake skrini ina maandishi makubwa kwamba akili ni makao yake yenyewe, inaweza kuifanya Jehanamu ikawa Mbingu na Mbingu ikawa Jehanamu. Chini yake: John Milton, yule mshairi Mwingereza. Ukumbi mzima makofi, simu juu, watu wanapiga picha. Kesho yake nayakuta kwenye status, tena za walokole kabisa!

Hivi kuna hata mmoja aliyefungua kitabu? Anayesema hayo ni SHETANI. Paradise Lost, shairi la Milton la mwaka 1667 kuhusu Shetani kuasi na Adamu na Hawa kuanguka, Kitabu cha Kwanza, mstari wa 254. Katoka kupigwa na kutupwa motoni, anajitutumua mbele ya mwenzake Beelzebub aonekane bado mwamba. Sasa nenda Kitabu cha Nne, mstari wa 75. Shetani huyohuyo kaikaribia Edeni, yuko peke yake, hana wa kumringia, anakiri kwamba kokote akimbiliako ni Jehanamu, na Jehanamu ni yeye mwenyewe. Mbona huo mstari hamuuweki kwenye skrini?

Kinachoniuma ni kwamba Milton, yule mzee kipofu, alihangaika sana kutuonya. Kabla Belial hajafungua mdomo kwenye baraza la mashetani, Milton anakwambia kabisa kwamba ulimi wa huyu unadondosha mana, na anaweza kuifanya hoja mbovu ionekane ndiyo bora. Kisha anamwachia azungumze, na kweli anazungumza vizuri: tusipigane tena, tukitulia huenda Mungu akapunguza hasira na moto ukapoa. Unaanza kutikisa kichwa. Akimaliza tu, Milton anarudi na kusema maneno yale yalivishwa vazi la hoja, ila alichokuwa anashauri ni uvivu, wala si amani. Ametoa onyo mwanzo na mwisho, bado mtu anapita katikati na kunukuu!

Na kwa Hawa ndiyo balaa. Nyoka anamwambia: nitazame mimi, nimeligusa tunda, nimelionja, niko hai, tena nimepata na akili ya kusema. Ushahidi uko mbele ya macho, unasema na kupumua. Nani angebisha? Kumbe hajala chochote. Anayesema ndani ya nyoka ni Shetani. Hoja imepangika vizuri kabisa, ila jiwe la msingi ni uongo. Milton anasema maneno yale yalijaa ukweli, kwa jinsi Hawa alivyoona. Hicho kipande cha mwisho ndicho mnachokiruka kila siku.

Tena msiseme haya ni ya Wazungu, hayatuhusu. Mwalimu Nyerere alitutafsiria The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare, ikatoka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo Shylock, mkopeshaji, anatetea riba kwa habari ya Yakobo na kondoo wa Labani, na Antonio, mfanyabiashara anayetaka mkopo, anamjibu kwamba hata shetani hunukuu Maandiko akitaka lake. Baadaye Bassanio, rafiki yake Antonio, kasimama mbele ya visanduku vya dhahabu, fedha na risasi achague kimoja apate mke, anasema hakuna kesi mahakamani iliyooza kiasi kwamba sauti tamu isiweze kuuficha uovu wake. Shuleni watu wamekariri nani alichagua kisanduku gani, basi, wamefaulu mtihani!

Kuna na Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, kitabu chake cha 1824 kuhusu hila za wabunge wa Uingereza. Mojawapo ni ile ya "jambo ni zuri, lakini wakati wake bado". Nadhani hiyo sina haja ya kuieleza humu.

Halafu najua kuna mtu atakuja na "mkuu, chukua ujumbe, achana na aliyeusema". Ujumbe gani? Utamu wake umewekwa makusudi, msomaji aliyesinzia anaswe. Nyie mmenaswa, halafu mnauza tiketi!

Anayebisha aje na namba ya kitabu na mstari. Wa "ila maneno yenyewe matamu" apite kimyakimya.