Tamthilia yetu ya irimu: tuitangazeje bila kuchekwa tena? Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni.

Niko Moshi, Pasua. Mimi na wenzangu sita tunatengeneza tamthilia kutoka kwenye simulizi moja iliyosambaa sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni ile ngano ya bibi zetu, kilele cha Mawenzi kwenda kuomba moto kwa mwenzake Kibo hapo Kilimanjaro akaambulia kipigo, ila mtunzi kaongeza irimu, lile zimwi la hadithi za Kichaga, anayeshuka mlimani kudai deni la moto. Wasomaji wamesubiri mpaka wanatutukana. Kila nikiamka nakuta "mnatoa lini?"

Wiki mbili zilizopita tukaona tuwapoze na kapicha kamoja ka irimu. Ngozi ya mbuzi, pembe, majivu usoni. Usiku kule msitu wa Rau alitutisha hata sisi. Tumepost, nusu saa haijaisha mtu kakuza picha, kazungushia duara jekundu mgongoni. Zipu. Tena ya begi la shule! Sasa hivi nikikatiza stendi wahuni wananiita Zipu.

Tunataka kurusha Desemba. Hela ya matangazo ni laki nane tu. Tufanyeje? Nawasilisha.

Mbege Baridi: Irimu wa kufungua na kufunga 😂 Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Dada Kiboriloni: Pole mkuu. Mmekosea kumwanika mapema. Februari 2013, tamthilia ya Game of Thrones ikijiandaa kurudi msimu wa tatu, kituo chake cha HBO walichukua kurasa mbili za gazeti la New York Times wakalaza kivuli cha joka juu ya maandishi. Kivuli tu, joka lenyewe halipo. Na nyie pigeni ukuta wa udongo, mgomba pembeni, kivuli cha pembe kinapita. Kivuli hakina zipu.

Kaka Majengo: Naongezea hapo. Kabla haijaanza Aprili 2011, hao hao walizungusha chakula cha ile dunia ya hadithi mitaani New York na Los Angeles, kapika mpishi Tom Colicchio, watu wanakula bure. Mtu kaonja kabla hajaona! Laki nane haifiki huko, ila sufuria la mtori Jumamosi pale Mbuyuni linawezekana.

Zipu (mleta uzi): Jina nimeshalikubali. Mtori nimeupenda. Tulifikiria pia kugawa majani ya masale, kila jani limefungwa tarehe ya kuanza.

Babu wa Marangu: Mwanangu, hapo hapana. Isale ni la kuombea msamaha, ukishikiwa isale hata mliyegombana miaka humkatalii. Leo ulifunge tangazo, kesho limekanyagwa na bodaboda? Wazee watakususia na hiyo tamthilia yako hawataitazama.

Zipu (mleta uzi): Shikamoo babu. Nimeelewa, tunaacha.

Konda Mstaafu: Nyie mnahangaika na gazeti la Marekani, mabasi mnayaacha. Desemba Uchaga wote unapanda nyumbani. Abiria wa Dar kakaa siku nzima anakodolea skrini ya basi, bando limekata tangu Chalinze. Mpe konda flashi na hela ya soda. Kionjo cha dakika mbili, kikatike pale moto unapozimika na mtu anahema gizani. Wakishuka Moshi wanaulizana. Na wakifika kijijini mjue kila nyumba ina wageni kumi mbele ya tivii moja.

Wakili wa Soweto: Mtunzi kawapa ruhusa ya maandishi? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kazi yake hamuigeuzi tamthilia bila ridhaa yake, hata kama iko kwenye kila simu. Na muipeleke Bodi ya Filamu ikaguliwe mapema, msisubiri Desemba.

Zipu (mleta uzi): Mtunzi ni mmoja wa sisi saba ila hatujaandikiana chochote. Kesho tunakaa. Konda, naomba uje PM tuongelee mabasi.

Dada Kiboriloni: Mimi hiyo simulizi nimeisoma yote, yule binti wa moto aliyemo msimfanye mke wa mangi, yaani chifu. Mkibadilisha tutawasema kuliko zipu.

Mbege Baridi: Huo mtori ni saa ngapi?