Ulinganisho: kuacha ugali kabisa, kufunga saa 16, au kupima unga na mafuta na kutembea?

Mwalimu wa Lanet (Nakuru)

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41, na wiki mbili zilizopita nilipimwa katika kituo cha afya nikakutwa na kilo 86 kwa urefu wa sentimita 162. Ukigawanya kilo hizo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata takriban 32.8, na kuanzia 30 mtu huhesabiwa kuwa mnene kupita kiasi. Presha yangu ilikuwa imepanda kidogo, na sukari imevuka kiwango cha kawaida ingawa haijafika kwenye kisukari. Aliyenihudumia aliniambia nipunguze uzito, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata kabla sijauliza nianzie wapi.

Sina nia ya kulichukulia jambo hili kimchezo. Mama yangu aliugua kisukari kwa miaka 19, na ninajua jinsi kidonda kidogo cha mguu kinavyoweza kuitawala nyumba nzima.

Walimu wenzangu wamenipa njia tatu. Ya kwanza ni kuacha ugali, chapati, wali na viazi kabisa. Ya pili ni kufunga kwa saa 16 kila siku na kula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku. Ya tatu ni kubaki na chakula chetu kile kile lakini kwa kipimo, na kutembea kila jioni. Ukumbi wa mazoezi nimeuondoa kwenye hesabu kwa sababu karo ya mtoto wa kwanza inanibana. Ninaomba walioijaribu njia yoyote kati ya hizi waniambie ilivyokwenda baada ya miezi mitatu au mwaka, si baada ya wiki mbili.

Binti Shinyalu (Kakamega)

Mwalimu, mimi niliacha ugali kwa miezi mitano, kwa hiyo ninaweza kukueleza uzuri wake na ubaya wake. Katika siku kumi na mbili za kwanza nilipungua kilo 4, nikafurahi mno na kuwatangazia jamaa zangu wote. Baadaye nilielewa kwamba sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa maji, kwa kuwa mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji mengi, na akiba hiyo ikiisha maji nayo hutoka. Kuanzia wiki ya tatu mizani ilianza kwenda polepole kama ya mtu mwingine yeyote.

Kilichonishinda hasa ni matumizi ya pesa na maisha ya watu. Ukiondoa ugali, tumbo linahitaji kujazwa na mayai, nyama, parachichi na samaki, na bajeti ya nyumba yangu haikuwa imepangwa hivyo. Isitoshe, huku kwetu hakuna mazishi, mahari wala mgeni anayekaribishwa bila ugali. Nilipokuwa nikikataa kwenye matanga, wazee walidhani nimekosana na wenye nyumba. Mwezi wa sita nilirudia ugali, na kwa kuwa sikuwa nimejifunza kiasi cha kupakua, nilirudi kula kama zamani. Kilo 7 nilizopunguza zimerudi 5.

Nahodha wa Dunga (Kisumu)

Dada Mwalimu, mimi ninasimama upande wa kufunga. Ninauza samaki, ninaamka saa kumi alfajiri, na kwa miaka mingi nilikuwa nikila mara nne au tano kwa siku pamoja na soda mbili. Nilipoanza kula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, nikiwa ninakunywa maji na chai ya rangi isiyo na sukari asubuhi, nilitoka kilo 97 hadi 90 kwa miezi minne. Sasa ni mwaka na miezi mitatu, nami nina kilo 89.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haikulazimishi kupima chochote. Saa ndiyo kipimo. Njaa ya asubuhi ilinisumbua kwa siku kama kumi tu, kisha nikaizoea. Sijakataa ugali wa mtu yeyote, na mke wangu hapiki vyungu viwili.

Muuguzi Mstaafu (Bungoma)

Kaka Nahodha, ninakupongeza kwa kudumu mwaka mzima, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Hata hivyo, ninaomba tutazame kilichokupunguza ni nini hasa. Soda moja ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari. Ulipofunga mdomo asubuhi uliondoa soda, mandazi na chai ya maziwa yenye sukari kwa pamoja. Mwaka 2022 kulichapishwa utafiti uliofanyika Guangzhou, China, uliowalinganisha watu 139 wenye unene kwa mwaka mmoja: wote walipunguziwa kalori kwa kiasi sawa, lakini nusu yao walikula ndani ya saa nane tu. Waliokula kwa saa walipungua wastani wa kilo 8.0, wengine kilo 6.3, na tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba saa ndizo zilizofanya kazi. Ni vivyo hivyo kwa wanga. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watu 609 waligawanywa mwaka mzima kati ya chakula chenye mafuta kidogo na chakula chenye wanga kidogo, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kilo 5.3 kwa 6.0. Ndani ya kila kundi, wako waliopungua sana na wako walioongezeka.

Kwa hiyo, Mwalimu, mimi ningekuuliza ni njia ipi utakayoifuata mwezi wa kumi na nne ukiwa umechoka, una madaftari ya kusahihisha na mgeni amefika.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuipita. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi, asianze kufunga bila kuzungumza na anayemtibu, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka barabarani. Mjamzito na anayenyonyesha wasifunge kwa ajili ya kupungua. Wewe, Mwalimu, hukutaja dawa yoyote, lakini wasomaji wetu ni wengi.

Na sasa habari njema. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu waliokuwa kama wewe, yaani sukari imepanda lakini si kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 katika muda wa karibu miaka mitatu, ilhali waliopewa metformini, ambayo ni dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo 6. Usijiwekee lengo la kilo 60 za siku ya harusi yako. Fika 80 kwanza, kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, na mwili wako utakuwa tayari umepata faida kubwa.

Mwalimu wa Lanet

Mama, nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na hizo kilo 6 zimeniondolea mzigo, kwa sababu nilikuwa nimepanga kilo 25 na kukata tamaa papo hapo.

Jana usiku nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Sisi ni watu watano. Pakti ya unga ya kilo 2 huisha kwa vyakula viwili vya jioni, yaani gramu 200 za unga kwa kila mtu kwa mlo mmoja. Unga wa mahindi una takriban kalori 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo ugali peke yake unanipa kalori 720 kabla mboga haijafika mezani. Lita moja ya mafuta ya kupikia huisha kwa siku tano, na lita hiyo ina zaidi ya kalori 8,000, ambazo zikigawanywa kwa watu watano ni kama 330 kwa kila mmoja kwa siku. Chai nakunywa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na kwa gramu 4 za kijiko hizo ni kalori 144.

Pakti ikifika vyakula vitatu badala ya viwili, mafuta yakafika siku nane, na sukari ikawa kijiko kimoja kwa kikombe, ninaondoa takriban kalori 460 kwa siku bila kuacha chakula chochote. Nilishangaa sana, kwa maana siku zote nilikuwa nikiitazama sahani na kusema ni ya kawaida.

Muuguzi Mstaafu

Hesabu yako ni nzuri, ila ina kosa moja la hatari. Umegawanya kwa watano kana kwamba wote mnakula sawa, na sasa unataka kupunguza pakti ya nyumba nzima. Watoto wanaokua hawapaswi kupunguziwa ugali kwa sababu mama yao anapunguza uzito. Mafuta na sukari vikipungua kwenye chungu cha wote ni sawa, hata kwao ni afya. Ugali upunguze kwenye sahani yako tu, na wewe ndiye pengine unayekula zaidi ya gramu hizo 200.

Fanya hivi: chukua bakuli dogo, lilowanishe kwa maji, jaza ugali, ubonyeze kwa mwiko na uupindue kwenye sahani. Hicho ndicho kipimo chako cha kila siku, na kisichukue zaidi ya robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharagwe, dengu, samaki, yai au nyama. Nusu nzima iliyobaki iwe mboga za majani: managu, kunde, saga, mitoo, sukuma wiki. Mrenda kwa kawaida huchemshwa tu bila kukaangwa, lakini kwa kuwa presha yako imepanda, punguza magadi, kwani yana sodiamu kama ilivyo chumvi.

Nahodha wa Dunga

Ninakubali hoja ya Mama, ingawa mimi nitabaki na saa zangu. Kuhusu samaki, niruhusuni niseme kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Samaki aliyezamishwa kwenye karai la mafuta si yule yule aliyechemshwa. Kwa omena, zioshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu hadi maji yawe safi, kisha uziweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo na uzigeuze mpaka ziache kushikamana na harufu yake ibadilike. Hapo ndipo unapotia kitunguu, nyanya nyingi na kijiko kimoja cha mafuta. Pia ni protini ya bei nafuu ambayo hushibisha muda mrefu.

Mpanda Menengai (Nakuru)

Hakuna aliyezungumzia mazoezi kwa kina. Mwalimu, kutembea kwa haraka dakika 45 kwa uzito wako kunachoma kalori 200 hivi, ambazo hazifiki hata chapati moja kubwa. Ndiyo maana wengi huanza kukimbia, hawapungui, na kuacha. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo, lakini hufanya makubwa katika kuuzuia usirudi. Nchini Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopunguza kilo 13.6 au zaidi na kukaa hivyo mwaka mmoja na kuendelea, na walio wengi huripoti kufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Hilo la misuli husahaulika, na ukipunguza chakula bila kulifanya, unapoteza misuli pamoja na mafuta. Huhitaji ukumbi. Jerikeni la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, lakini anza na la lita 5: lishike kifuani, kaa kwenye kiti na usimame mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Mlima wa Menengai uache kwa sasa, magoti yako yanabeba kilo 86. Nikiwa na kilo 104 nilikimbilia kuupanda wiki ya kwanza, na goti likanilaza mwezi mzima.

Binti Shinyalu

Nikiongeza moja tu: jihadhari na majani ya chai yanayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha tumbo. Nilinunua baada ya kuacha ugali. Mengi huwa na sena, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe, na unachopoteza ni maji na madini. Mimi nilizimia sokoni.

Mwalimu wa Lanet

Pole sana, dada, na asante kwa kusema wazi.

Nimeamua njia ya tatu, pamoja na masahihisho ya Mama. Ugali wangu utapimwa kwa bakuli, wa watoto hautaguswa. Mafuta yatatiwa kwa kijiko, si kumiminwa kutoka kwenye chupa. Nitatembea siku tano kwa wiki baada ya shule, na Jumanne na Ijumaa nitashika jerikeni. Mizani sina nyumbani, kwa hiyo fundi wangu wa nguo amenipima kiuno leo kwa tepu yake: sentimita 104. Tutapima tena muhula utakapofungwa, nami nitarudi hapa na namba hiyo, iwe imeshuka au haijashuka.

Chupa mpya ya mafuta nimeifungua jioni hii. Nimeandika tarehe ya leo kwenye karatasi yake kwa kalamu nyekundu.