Mrejesho: kerneli haianguki tena

Wakuu, ile kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux iliyokuwa ikianguka mara kwa mara nikipakia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kadi ya mtandao imepona. Aliyesema nitazame anwani ya kumbukumbu kwenye ripoti ya kuanguka alilenga penyewe: ilikuwa 0x18, si sifuri kamili. Yaani pointa (kielekezi) ya strakcha (fungu la data) ilikuwa tupu (NULL), na msimbo ukisoma sehemu iliyo baiti 24 kutoka mwanzo wake. Draiva iliita request_irq, inayosajili hendla (fungsheni ya kuhudumia interapti), kabla ya kuandaa strakcha hiyo; kadi ikiwahi kutuma interapti (ishara ya kuomba kuhudumiwa), hendla inakuta patupu. Nimeshusha usajili huo uwe wa mwisho. Kukagua NULL ndani ya hendla, kama baadhi yenu mlivyoshauri, kungeficha ugonjwa tu: interapti isiyohudumiwa inaweza kujirudia mpaka kerneli iizime interapti hiyo.