Pawaso za kizamani za watu wawili: Danarm ya Villiers au Disston ya Mercury? Jumamosi natoa jibu

MusiziMasindi
Salaam wakubwa. Nimeonyeshwa pawaso (misumeno ya cheni ya injini) mbili za zamani, zile nzito za kushikwa na watu wawili, mmoja anakaa kwenye injini na mwenzake anashika mpini ulio mwisho wa baa, ule ubapa mrefu unaozungukwa na cheni. Moja ni Danarm ya Uingereza yenye injini ya Villiers, ya pili ni Disston ya Marekani yenye injini ya Mercury ya silinda mbili. Zilikuwa za kiwanda cha kupasua mbao huku kwetu ambacho kilishakufa, mama mwenye stoo anataka nafasi yake na watu wa skrepa wameshaanza kumuuliza bei ya kilo. Hela niliyonayo inatosha moja tu. Nataka iwake kabisa, si ya kuweka sebuleni. Mngechukua ipi?

FundiKisenyi
Kaka umeleta swali nusu. Injini zinazunguka au zimejam? Ukitoa plagi ukavuta kamba kuna cheche? Cheni zipo? Baa zimenyooka? Bei je? Na picha ziko wapi? Bila hayo kila mtu hapa atakusifia ile anayoipenda yeye, halafu wewe ndio utabaki na chuma ndani ya nyumba.

Kasese_Mbao
Mimi nakuambia ukweli, zote mbili achana nazo. Chukua Stihl 070, injini ina cc zaidi ya 100, spea zake ziko kila mahali hadi huku Kasese, baa ndefu inaingia, na ukitaka watu wawili kuna mpini wa msaidizi unafungwa kwenye ncha ya baa. Mti mkubwa unalala mchana huo huo.

FundiKisenyi
Hajauliza pawaso ya kazi ndugu yangu. Ameuliza kati ya hizo mbili.

MusiziMasindi
Danarm anataka laki sita, Disston laki tisa. Danarm inazunguka lakini kompresheni naiona ndogo, kabureta ipo, kifuniko cha tangi hakipo, baa ipo, cheni hakuna. Disston imejam haitikisiki, ila ina kila kitu mpaka cheni na mpini wa msaidizi. Cheche sijapima. Picha mtandao wa huku unasumbua, nitajaribu usiku.

MzeeWaVilliers
Kijana wangu chukua Danarm, na nitakueleza kwa nini. Villiers walikuwa Wolverhampton, na injini zao zilifungwa kwenye vitu vingi sana, pikipiki za James na Francis-Barnett, pampu, mashine za kukatia nyasi, kwa hiyo hadi leo Uingereza kuna watu kazi yao ni kuuza ringi, pointi na gasketi za Villiers. Wewe soma tu namba iliyogongwa kwenye krenkikesi, ile bodi ya chini ya injini, uwatumie hiyo, watajua ni modeli gani.

Magineto yake, kile kinachotengeneza cheche, iko ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na hapo ndipo watu wanaharibu. Nati ya katikati ukiilegeza itazunguka kidogo halafu itakaza tena. Mtu asiyeijua anafikiri imekwama, anakwenda kutafuta puli ya miguu mitatu anavunja ukingo wa flaiwili. Usifanye hivyo mwanangu. Ile kukaza mara ya pili ndiyo nati yenyewe inaivuta flaiwili itoke kwenye krenki, yaani mhimili wa injini. Weka spana ya ringi inayoshika vizuri, igonge spana kwa nyundo pigo moja kali, utasikia "ta!" na flaiwili inaachia. Ikishatoka laza kipande cha chuma kukatiza sumaku zake, usiiache wazi juu ya meza wiki nzima, sumaku za zamani zinapungua nguvu. Ndani utakuta pointi, koili na kondensa. Pointi pitisha msasa laini kabisa kisha futa na petroli, pengo weka inchi 0.015, hiyo ni kama milimita 0.38. Kondensa ya zamani hivyo usiiamini hata kama inaonekana nzima, weka mpya, hata ile ya gari la zamani la pointi inafanya kazi ukiitafutia pa kukaa.

JinjaBoti
Shikamoo mzee, lakini hapa napingana na wewe. Mimi natengeneza injini za boti hapa Jinja, na Mercury hiyo iliyo kwenye Disston ni ya Kiekhaefer, hao hao wa Mercury za boti. Jeshi la Marekani lilizitumia hizo pawaso kwenye vita vya pili. Mashine iliyo kamili ikiwa imejam naichukua mbele ya inayozunguka ikiwa na mapengo, kwa sababu kujam mara nyingi ni ringi zimeshikana na silinda kwa kutu, ni jambo la subira tu. Toa plagi zote, ilaze matundu yaangalie juu, mimina dizeli na oili ya geaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, iache wiki, kila siku unaongeza kidogo na unaisukuma flaiwili mbele na nyuma kwa mikono miwili taratibu. Ikisogea hata upana wa ukucha umeshinda. Usiweke bomba kwenye spana ukalazimisha, utakunja konrodi.

Kasese_Mbao
Wiki ya nini, piga silinda moto wa gesi, dakika kumi inaachia.

JinjaBoti
Ssebo tafadhali usimfundishe mtu hivyo. Baadhi ya pawaso za enzi hizo zina bodi ya magnesiamu, siyo aluminiamu. Kipande kinene hakishiki haraka lakini unga na vipande vyembamba vinawaka, na vikishawaka ukamwagia maji ndio unazidisha, kinachozima ni mchanga mkavu. Musizi, kabla ya moto au gurudumu la kusagia, kwangua rangi sehemu ndogo iliyojificha udondoshee siki. Magnesiamu inatoa povu, aluminiamu inakaa kimya.

Kasese_Mbao
Nimepiga moto injini nyingi na hakuna iliyowaka.

FundiKisenyi
Hizo zilikuwa za chuma. Tuendelee. Musizi cheni ya hiyo Disston ikoje? Ina meno yaliyosimama wima kama ya msumeno wa mkono, au ina meno yaliyopinda juu kama kijiko? Hilo ni muhimu kuliko hata kujam. Zile za zamani zinakwaruza mti, ni meno ya kukata kushoto na kulia na mengine ya kuzoa unga, zinanolewa na tupa bapa, kuzinoa ni kazi ya nusu siku. Zenye jino lililopinda zilikuja baada ya Joseph Cox wa Oregon kumwangalia funza wa mbawakawa anavyokula mti, anatafuna kushoto na kulia hasukumi moja kwa moja, akaanza kuuza cheni ya namna hiyo 1947. Hiyo unainoa na tupa la duara. Danarm kwa sababu haina cheni itabidi uangalie spoketi yake, ile gia inayovuta cheni, ni ya hatua gani, yaani nafasi ya viungo vya cheni. Ukipata hata kipande cha cheni yake pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu ugawe kwa mbili. Ikiwa nusu inchi utahangaika lakini utapata. Ikiwa kubwa kuliko hapo, laki sita yako bado haijanunua pawaso inayokata.

Halafu jaribu shingo. Pawaso za watu wawili kabureta zao ni za floti (boya dogo la ndani), haziwezi kulala upande, kwa hiyo geaboksi na baa vinageuka peke yake injini ikibaki wima, baa inalala kwa kuangusha mti na inasimama kwa kukata gogo. Kama shingo imeganda, ujue unanunua nusu ya mashine.

BintiZombo
Naombeni nafasi kabla ya Jumamosi haijafika, maana hakuna aliyegusa jambo hili. Baba yangu alikuwa na Danarm ya watu wawili, aliitumia miaka mingi kwenye misonobari huku Lendu, ikabaki kwangu. Niliipeleka karakana moja mjini, jina siliweki hapa, mwenyewe akaniahidi ataing'arisha ionekane imetoka Uingereza jana. Walivua kabureta na magineto basi. Injini hawakuifungua. Wakaziba matundu kwa matambara wakaipuliza mchanga kwa kompresa, krenki ikiwa ndani. Kwa macho ilikuwa nzuri mno, mapezi ya silinda yanang'aa moja moja, maandishi kwenye geaboksi yanasomeka yote. Wakaiwasha mbele yangu ikalia vizuri nikalipa. Nyumbani ikaanza kukosa nguvu, kisha ikaleta sauti ya kusaga, kisha ikanyamaza katikati ya gogo. Fundi mmoja wa Paidha ndiye aliyeifungua. Punje za mchanga zilikuwa ndani ya beringi ya konrodi, unazihisi ukizungusha kwa vidole, pistoni imechorwa mistari juu hadi chini, na silinda ukipitisha ukucha unakwama. Nikarudi karakana, wakasema mashine ilikuwa mbovu toka kwa baba. Kuchonga silinda, pistoni ya saizi ya juu, krenki kufunguliwa kwa presi na kulinganishwa tena, hela iliyotoka inazidi bei ya pawaso zote mbili unazoziangalia. Sasa iko vizuri lakini roho bado inaniuma, ile ilikuwa silinda aliyoitunza baba.

Kwa hiyo Musizi, uchukue hii au ile, mtu akikutajia mchanga mwambie krenkikesi iwe tupu kabisa kwanza, au asipulize. Brashi ya waya laini na mafuta ya taa vinatosha. Rangi iliyopauka haizuii injini kuwaka.

MzeeWaVilliers
Pole sana binti yangu. Huo ni wizi wa kazi.

MusiziMasindi
Asante dada, hilo nisingelijua. Na oili je? Nachanganya kama ya boda za zamani?

Kasese_Mbao
50 kwa 1, oili nzuri ya kisasa. Lita 5 za petroli unaweka mililita 100. Oili nyingi ni moshi tu.

MzeeWaVilliers
Hapana hapana. Villiers walisema 16 kwa 1 na oili ya SAE 30, yaani lita 5 kwa mililita 310 hivi. Injini hizo zina bushi za shaba ambazo mafuta yanayopita ndiyo uhai wao. Moshi hauui injini, ukavu ndio unaua.

FundiKisenyi
Mzee 16 ilikuwa kwa oili za wakati ule. Mimi naweka 25 kwa 1 na oili ya kisasa ya tu-stroki, mililita 200 kwa lita 5, plagi inabaki rangi ya chai na sijarudishiwa kazi. 50 kwenye injini yenye bushi sikubali.

MzeeWaVilliers
Basi 20.

JinjaBoti
Kabla ya oili angalia sili za krenki. Zikikauka injini inavuta hewa pembeni, inapiga kelele yenyewe bila kuivuta eksileta, na hapo hata uweke oili ya 10 kwa 1 itakufa. Na floti ya kabureta itikise sikioni, ukisikia petroli ndani imetoboka. Itie kwenye maji moto, mapovu yatakuonyesha tundu liko wapi.

KitanteHistoria
Mimi si fundi ila nauliza, kwa nini mama huyo asizipe Uganda Museum zote mbili? Msitu wa Budongo umekatwa mahogani miaka mingi na watoto wetu hawajui ilikatwa na nini. Viwanda vya mbao vya Wahindi, wenyewe walipofukuzwa 1972 spea zilikatika, mashine zikaegeshwa, na sasa zinaondoka kwa kilo.

MzeeWaVilliers
Unasema kweli, lakini usisahau kwamba mbao nyingi hazikupita kwenye pawaso hata kidogo. Wapasuaji wa shimo walikuwa na msumeno wa mkono, mmoja juu ya gogo anafuata mstari, mwenzake ndani ya shimo anavuta na unga unamwagikia machoni. Kuna sehemu hadi leo wanapasua hivyo. Ile misumeno nayo ihifadhiwe.

KitanteHistoria
Mzee unao mmoja?

MzeeWaVilliers
Ninao, wenye mpini wa mti wa chini bado upo. Hauuzwi.

BintiZombo
Mimi napendelea mashine iwake kuliko kulala kwenye kioo. Mtoto akisikia inavyolia hasahau. Ila Musizi ukiiwasha usimweke mtu yeyote tu upande wa mpini. Hizi hazina breki ya cheni, eksileta iko kwa mwenye injini peke yake, aliye mwisho wa baa hana cha kuzima. Kubalianeni ishara kabla, na yule wa mwisho ndiye anayesema simama.

Kasese_Mbao
Ndiyo maana nilisema 070.

MusiziMasindi
Nimeenda tena leo jioni na spana. Danarm shingo inageuka vizuri, nati ya flaiwili imefanya kama mzee alivyosema, ndani pointi zina kutu lakini koili haijapasuka. Disston nimemimina dizeli, mama amekubali ikae hivyo hadi Jumamosi. Cheni yake ni ya meno wima. Sasa ndio nimechanganyikiwa zaidi maana mama anasema nikichukua zote atanipunguzia, zote milioni moja na laki mbili.

FundiKisenyi
Usikimbilie. Spoketi ya Danarm umeipima? Na kibao cha modeli cha Disston kinasomeka?

JinjaBoti
Kuna mwenzangu hapa anaweza kuweka laki nne akachukua Disston akikuachia Danarm. Nitumie ujumbe wa faragha.

KitanteHistoria
Mzee, huo msumeno wa shimo una urefu gani? Naweza kuja kuupiga picha tu?

MzeeWaVilliers
Futi saba. Njoo Jumapili baada ya saa nane, uje na mtu wa kukusaidia kuushusha, uko juu darini.