Uliwahi kuambiwa una kinundu kwenye pafu? Tupeane uzoefu wa kukifuatilia

Mbavu Nzima
Habari zenu wakuu. Niligongwa na bodaboda, nikapigwa CT ya kifua kuangalia kama mbavu zimevunjika. Mbavu ziko salama, ila mwisho kabisa wa ripoti wameandika kuna kinundu cha milimita 5 pafu la kulia juu, nirudie kipimo baada ya miezi 12. Daktari akasema "usiwaze", akaita mgonjwa anayefuata. Nina miaka 46, sigara nimevuta tangu ujana, sikohoi, sijapungua uzito. Mwaka mzima nakaa na kitu kifuani bila dawa wala kuchomwa sindano? Yaliyowakuta ninyi wenyewe tafadhali, ya kusikia naomba tuyaache.

Mama Mionzi
Pole sana kaka. Nafanya kazi idara ya mionzi, na mama yangu mzazi anacho cha kwake, kwa hiyo naongea kote kote. Vidogo kama chako vingi mno havina madhara: kovu la TB ya zamani, alama ya fangasi, au kitezi kidogo tu cha ndani ya pafu. Mwongozo wa Fleischner (chama cha wataalamu wa picha za kifua) wa 2017, ambao madaktari wengi wanaufuata, unasema kinundu kimoja kigumu chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa hakihitaji hata kurudiwa. Wewe umeambiwa miezi 12 kwa sababu ya sigara na kwa sababu kiko juu ya pafu. Cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa kati ya miezi 6 na 12. Kikizidi 8 ndipo wanaanza kuzungumza miezi 3, PET (picha ya kuonyesha seli zinazotumia sukari nyingi) au kuchukua kinyama kikapimwe maabara. Na sindano kwenye kitu cha milimita 5 ni shida, kukilenga tu kazi, na pafu linaweza kutoboka likavuja hewa.

Cha mama kilisomeka 5, kipimo kilichofuata 6. Nyumba nzima ililia. Mimi nikawaambia tofauti isiyofika milimita 2 inaweza kuwa ni ya upimaji tu, hata pumzi alivyoivuta siku ile inachangia. Hawakunisikiliza mpaka kiliposomeka 5 tena.

Mchimbaji Mstaafu
Nilikuwa Mererani. TB niliugua, nikatibiwa hospitali ya Kibong'oto, nikapona. Miaka baadaye CT ikaonyesha kidude cheupe pee kama mfupa. Daktari akasema kimejaa chokaa chote, hilo ni kovu, hakuna cha kufuatilia. Ila vumbi la mgodi ni habari nyingine, wenzangu wa shimoni msilichukulie poa.

Binti wa Tanga
Mimi kilinikatia safari. Nilipata kazi Oman, wakala akanipeleka kupima afya. Eksirei ikaonyesha doa, nikaandikiwa sifai. Nikamuuliza sifai kwa nini, siumwi! Akaniambia "dada, una TB", mbele ya wasichana wenzangu foleni nzima. Wote wakasogea pembeni.

Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya TB, hakuna kitu. CT ikasema ni kovu lenye chokaa katikati. Daktari wa kifua akaniuliza kama nina eksirei yoyote ya zamani. Marehemu baba alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Tukaikuta kabatini ile niliyopiga nikijiunga na chuo, imekunjamana kona lakini inasomeka. Daktari akaziweka zote mbili kwenye taa. Doa lile lile, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Akasema kinundu kigumu kisichobadilika kwa miaka miwili au zaidi huhesabiwa kuwa hakina madhara, na hicho kilishapitisha hapo siku nyingi.

Visa sikupata. Nchi za Ghuba kovu tu linaweza kukuangusha, hata kama hauambukizi mtu. Nimefungua duka la vitenge, lakini hasira ya foleni ile bado ninayo.

Dawa Asilia 1
Kitunguu saumu na mdalasini, wiki tatu, kinayeyuka. Mimi nilipona.

Mama Mionzi
Kaka, ulirudia kipimo ukaona kimeyeyuka?

Dawa Asilia 1
Kikohozi kiliisha.

Mama Mionzi
Haya.

Baba Wawili, Nairobi
Changu kilikua, kwa hivyo nisikilizeni pia sisi wa upande huo. Kilikuwa milimita 8, kikafika 10. Nikadhani ni kidogo, daktari akanionyesha hesabu: kitu cha duara kikitoka 8 hadi 10, ujazo wake umekaribia kuwa mara mbili. Nikafanyiwa PET, kikawaka. Mke wangu akaanza kupigia ndugu simu tuchange pesa za saratani. Kinyama kilipochukuliwa, ikatoka TB. Nikameza dawa miezi sita nikamaliza. PET huwaka palipo na uvimbe wa maambukizi pia, na huku kwetu TB ni nyingi, kwa hivyo kuwaka pekee si hukumu. Lakini ningekaa nyumbani bila kurudia kipimo, nani angejua?

Mbavu Nzima
Asanteni sana. Swali la mwisho: picha zangu ninazo, nilizipiga kwa simu kutoka kwenye kompyuta yao. Zinatosha kulinganishia mwakani?

Mama Mionzi
Hapana kaka. Rudi kesho uombe CD yenye picha zote, ni haki yako, hospitali nyingi wanatoa kwa ada ndogo. Picha ya simu hatuwezi kupimia milimita. Na mwakani pigia hapo hapo ukiweza, waambie ni cha kufuatilia kinundu, wakutumie mionzi midogo. Ukianza kukohoa damu au kukonda, usisubiri hiyo miezi 12. Sigara umeacha?

Mbavu Nzima
Nimepunguza.

Mchimbaji Mstaafu
Hujaulizwa hilo, mdogo wangu.