Nimemaliza Peponi ya Gurnah, nifuate riwaya yake ipi?

BintiWaKorogwe
Habari za usiku wadau. Mimi ni keshia kituo cha mafuta, zamu ya usiku, na ikishapita saa saba magari huwa ya kuhesabu. Humo ndimo nilimosomea Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapwa na Mkuki na Nyota. Usiku wa nne kitabu kikaisha.

Kimeniuma. Yusuf ana miaka 12, baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, na mtoto mwenyewe haambiwi neno. Anapanda treni akidhani anakwenda kutembea! Mimi nimekulia karibu na reli waliyojenga Wajerumani, kwa hiyo ule mwanzo wa mtoto kusimama stesheni akiwakodolea macho Wazungu niliuona kabisa. Halafu mwishoni anawakimbilia askari wa Mjerumani, na kitabu ndiyo kimekwisha. Wiki nzima najiuliza alifika wapi.

Sasa nifuate ipi? Kiingereza nasoma, ila polepole, na sina hela ya kununua kitabu kikanishinda katikati.

Mwl_Songea
Dada, nenda Afterlives, ya 2020. Mmoja wa wahusika wakuu, Hamza, naye alitolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake, akatoroka akaingia jeshi la Mjerumani. Si Yusuf, lakini ukitoka Peponi utamsoma kama mtu unayemfahamu. Sisi wa Songea vita vya Maji Maji tuna kaburi lake la pamoja hapa mjini, na katika riwaya ile unaona waliotumwa kuwapiga watu wetu walikuwa watu wetu. Yupo pia msichana, Afiya, anayepigwa na mlezi wake mpaka mkono unavunjika, kosa lake kujua kuandika. Nimewasomea kidato cha tatu ukurasa huo, darasa zima likawa kimya.

FundiSamani_Unguja
Assalaam aleykum, Binti wa Korogwe. Mwalimu kasema kweli na Afterlives utaisoma tu. Mimi ningekutanguliza By the Sea, ya 2001.

Kazi yangu ni kufufua samani za kale: makasha ya njumu, viti vya kusuka, vitanda vya besera. Kitabu hiki nilipewa na mteja mwaka 2021, Gurnah alipopata Nobeli, akaniambia, "Fundi, mna mwenzenu humu." Kweli, Saleh Omar alikuwa na duka la samani hapa hapa Unguja. Ila tunapokutana naye ni mzee wa miaka 65, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, na pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Kashauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anapekua begi, anakuta kijikasha cha udi, ule wanaouita ud-al-qamari. Anaunusa. Anauchukua.

Hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kufungua kasha la marehemu mama. Mwaka wa tisa huu tangu atutoke, na kanga alizozifukiza kwa mkono wake bado zina udi. Ukifunua kasha tu husikii kitu. Mpaka uinue kanga uilete usoni, ndani ya mikunjo, ndipo inakujia. Mtu asiyejua hilo hawezi kuelewa yule ofisa kachukua nini, na Gurnah hapazi sauti hata kidogo, anaendelea na hadithi.

Kisa chenyewe ni cha deni, kama Peponi. Mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa kaskazi anamkopa Saleh fedha, anamwachia hati ya nyumba ya Rajab Shaaban iwe rehani, kisha harudi tena. Saleh anaichukua nyumba na vyombo vyake. Ndani mna kimeza cha mpingo, na mtoto wa Rajab anatumwa dukani kwenda kukiomba. Anarudi mikono mitupu. Miaka mingi baadaye mtoto huyo ni profesa London, anasikia kuna mzee mkimbizi mwenye jina la baba yake. Anamfuata. Wanakaa wawili katika chumba kidogo, nje baridi, na kila mmoja anaeleza yale yale kwa namna yake. Ulipomhukumu mmoja, sura inayofuata inakurudisha nyuma.

Nimegusia hati kwa sababu nimezaliwa ndani ya kisa kama hicho. Kwetu ipo nyumba ya bibi mzaa baba. Baba na ami walikatana miaka 17 kwa ajili ya karatasi moja. Mimi nimelelewa upande mmoja, na tangu mdogo nilijua dhalimu ni nani. Nilipomaliza By the Sea nilimwendea ami, nikamwambia, "Leo nisimulie wewe." Alianza baada ya alasiri, magharibi ikatukuta hajamaliza.

Kuhusu Kiingereza usihofu. Sentensi zake ni ndefu lakini hazikimbii, zinakwenda kama mzee anavyozungumza barazani. Soma kurasa kumi kwa usiku, neno usilolijua lipite, litakurudia mbele likiwa limeshajieleza. Mimi nilichukua wiki sita, kila siku baada ya Isha. Dottie na Pilgrims Way ziache kwanza, hizo ni za maisha ya Uingereza na utazipenda zaidi ukishamzoea.

MwanaMvita
Naheshimu wote wawili, lakini kwa msomaji wa usiku mimi nasema Desertion, 2005. Mwaka 1899, mji mdogo wa pwani ya Kenya, Hassanali mwenye duka katoka alfajiri kwenda kuadhini, mara Mzungu anamwangukia mbele yake, hoi, karibu ya kufa. Anamchukua nyumbani. Dadake Hassanali ni Rehana, na mapenzi ya Rehana na Mzungu yule yanakuja kuwaandama wajukuu Unguja, miaka ya hamsini. Niseme ukweli, ule mruko wa kutoka 1899 kuja huko uliniudhi, nilitaka kubaki na Rehana. Nilikasirika siku mbili, nikarudi. Jamila na Amin ndio walionirudisha.

BintiWaKorogwe
Ahsanteni sana, Mwalimu, Fundi na Mwana Mvita. Naanza na By the Sea, ya udi imenishika. Bibi yangu hufukiza ubani kila Ijumaa na sijawahi kumuuliza alijifunza kwa nani.

Fundi, samahani kama navuka mpaka. Ami alisema nini?

FundiSamani_Unguja
Hujavuka mpaka, binti yangu, nimelianza mwenyewe.

Alisema siku ya kuandika ile karatasi bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hakuweza kuona hata mkono wake. Akatia dole gumba. Aliyemshika kidole akakikandamiza kwenye wino ni baba yangu. Ami alikuwepo, kasimama mlangoni, na alichonililia mimi ni kwamba hakusema kitu. Baba hajawahi kunisimulia siku ile. Yu hai, ana miaka 81, kila asubuhi nampelekea chai na mkate wa kumimina, na bado sijamuuliza.

Kitabu usinunue. Changu nimeshakifunga kwa karatasi ya kaki, kina doa la vanishi ukurasa wa mwanzo, usishangae. Kijana wangu anavuka na boti ya Alhamisi kwenda Dar. Niandikie pembeni jina la basi linaloshusha mizigo Korogwe, na ukimaliza kirudishe kwa njia hiyo hiyo. Nataka kumwazima ami.